Shimo la Nyumba Thelathini na Nne

Dzaleka, Jumanne 3 Juni 2025

Ndugu yangu Kassim,

Assalaam aleikum. Usishtuke kuona karatasi. Mara tatu nimekupigia, na mara tatu, nikitaja moto tu, simu yako inaishiwa chaji. Basi nimeamua kuandika, maana karatasi haina kitufe cha kukatia. Mama Annuarite anakuja huko Mchesi, Lilongwe, kila Jumanne na mafurushi yake ya mboga. Atakukabidhi hii mkononi, na atapita tena kuchukua jibu. Nimemwambia asikuuzie hata jani moja kabla hujaandika.

Sisi wazima. Goti langu bado linanisumbua nikiinuka kwenye mkeka, lakini kwa kutembea halina neno, na siku hizi ninatembea sana.

Sababu ni hii. Oktoba mwaka jana moto wa porini ulifika hatua ishirini tu kutoka nyumba ya mwisho ya bloku yetu. Upepo ukageuka, tukapona. Watu wakamshukuru Mungu, wakarudi jikoni. Mimi nilimshukuru pia, lakini jikoni sikurudi. Tuna nyumba hamsini na moja za kuezekwa kwa nyasi, na bomba moja linalokauka kabla ya adhuhuri. Nikapita mlango kwa mlango, nikagombana na nusu ya watu, mpaka tukapata kamati ya moto. Mimi ni mwenyekiti. Katibu ni Faustin, yule wa Fizi anayeongoza kwaya. Tunataka kulima barabara ya moto, yaani ukanda mtupu wa hatua nane usio na jani hata moja, kati ya nyumba zetu na pori, kabla ya pepo za Agosti.

Ila pori si la kambi, ni la kijiji jirani cha Wamalawi. Tumekwenda kwa nyakwawa, mkuu wao. Alituketisha vitini, akatukaribisha thobwa, togwa yao ya mahindi, tukanywa, kisha akatukumbusha kwamba tangu mwaka 2016 watu wetu hawaruhusiwi hata kukata nyasi kule, na kwamba sababu tunaijua. Akasema twende Jumamosi ya tarehe 19 Julai, tusome mbele ya kijiji kizima jinsi tunavyoikumbuka siku ile ya moto mkubwa. Baada ya hapo ndipo ataamua kama majembe yetu yataingia.

Kwa hiyo ninaandika historia ya bloku. Nimeanzia mbali, enzi hizi nyumba za mawe zilipokuwa gereza, nikaja kwa wakimbizi wa kwanza waliotoka Uvira, halafu sisi wa Kindu na mizigo yetu ya vitenge. Nimefika mwaka 2016 nikakwama. Siku ile nilikuwa Mponela kununua maharage. Wewe ulikuwa nyumbani. Kila ninayemuuliza anaanza hadithi yake kwenye moshi. Nataka mtu wa kabla ya moshi. Niandikie ulichokiona.

Dada yako,
Zena


Mchesi, Jumanne 10 Juni 2025

Yaya Zena,

Waaleikum salaam, dada yangu. Barua nimeipata, na Mama Annuarite kweli alikataa kuniuzia. Amekaa hapa kwenye kibaraza ninakoshonea, ananitazama kama askari wa mpakani. Kwa hiyo mwandiko ukiharibika, mlaumu yeye.

Idd ilikuwa nzuri. Nilishona mpaka vidole vikafa ganzi. Mama mwenye kibaraza hiki, Mmalawi, amenipa kona ya pili, sasa nina cherehani mbili na pasi ya umeme. Nimekutumia majembe mawili na kitenge cha kufungia goti. Mwenyekiti wa moto hawezi kuchechemea mbele ya watu.

Kuhusu ile siku, sina la kuongeza. Nilikuwa ndani nashona, nikasikia makelele, nikatoka, nyumba zinawaka. Andika kama watu wanavyosema: wawinda panya wa kijijini walichoma pori, moto ukatukimbilia. Nyasi zilikuwa kavu na upepo ulikuwa mkali sana, ulikuwa unatoka upande wa msikiti na kupeleka cheche zote kule porini. Mungu alisaidia, hakufa mtu.

Yaya, usijichoshe na mambo ya miaka tisa. Limeni barabara yenu. Nyakwawa anataka tu maneno mazuri, na wewe maneno unayo.

Mdogo wako,
Kassim


Dzaleka, Jumanne 24 Juni 2025

Kassim,

Majembe nimeyapokea, asante. Kitenge nimekifunga na goti limetulia.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya nne nilikwenda nje, nikasimama kwenye mlango wa msikiti, nikatazama porini. Umeandika mwenyewe kwamba upepo ulitoka msikitini kwenda porini. Sasa nieleze, wewe unayesema sina haja ya kujichosha: moto wa porini ulipandaje juu ya upepo huo ukaja kwetu?

Sikutaka kukuonea, kwa hiyo niliwauliza wenye nyumba zilizoungua, mmoja mmoja, swali dogo tu: ulipotoka nje, nyumba gani zilikuwa tayari zinawaka? Unakumbuka zilikuwa kumi na tisa, kuanzia namba thelathini na nne, yako isiyojengwa tena, mpaka hamsini na mbili, ya bibi Bukeyeneza, inayopakana na pori. Kama moto ungetoka porini, bibi ndiye angeungua wa kwanza. Aliniambia hivi, na ninamnukuu na Kiswahili chake cha Kirundi: "Mi njo niliunguliwa wa mwisho, Mama Zena. Nilipata hata muda wa kutoa kuku zangu zote." Kuku saba, Kassim. Aliwahesabu mbele yangu kwa majina.

Halafu nikaenda kijijini kwa yule mwindaji aliyekamatwa siku ile. Jina lake ni Bwana Lufeyo. Miaka tisa tunamwita "yule wa panya" na hakuna aliyewahi kuuliza jina. Faustin alikuja kutafsiri, akawa anatazama chini muda wote. Lufeyo alinionyesha mkono wake wa kulia. Umepinda kwenye kiwiko na haunyooki. Alituambia kwamba siku ile aliona moshi kwetu, akakimbia kuja kusaidia na panya zake bado wako kwenye kijiti, na watu wetu wakamkamata kwa sababu ya kile kijiti.

Kisha akachukua jembe kwa mkono wa kushoto, akatutoa nje. Alilima duara mpaka udongo mtupu ukaonekana, akawasha nyasi za katikati kwa kiberiti. Ziliwaka, zikafika kwenye udongo, zikafa. Ndivyo wanavyowinda, ili matundu ya panya yaonekane. Anasema hakuna mwindaji anayewasha kabla ya kulima, kwa sababu ukichoma pori la wenzako unatozwa mbuzi. "Moto wanga sutuluka," akasema. Moto wangu hautoki nje. Anasema aliwaambia hivyo hivyo siku ile wakati wanampiga, lakini aliwaambia kwa Kichewa.

Sasa niambie wewe. Moto ulianzia nyumba thelathini na nne. Nani alikuwa ndani ya nyumba thelathini na nne?

Zimebaki siku ishirini na tano. Mimi sitasimama mbele ya kile kijiji nisome uongo kwa sauti yangu.

Zena


Mchesi, Jumanne 8 Julai 2025

Yaya,

Wiki iliyopita nilimrudisha Mama Annuarite mikono mitupu. Nilimwambia ninaumwa. Sikuwa ninaumwa.

Ilikuwa siku ya kuamkia Idd, unakumbuka. Nilikuwa na kanzu ishirini na tatu za kupiga pasi na kila mwenye kanzu amekaa mlangoni. Pasi ilikuwa ile ya makaa, ya baba, yenye jogoo kwenye komeo. Makaa yakichoka nilikuwa ninayamwaga nyuma ya ua, pale pale ninapotupa vipande vya vitambaa, na siku zote ninamwagia maji. Siku zote, Yaya. Siku ile bomba lilikuwa limekauka na nilikuwa na maji ya kopo moja tu, ya kunyunyizia nguo. Nikayatazama yale maji, nikatazama zile kanzu. Nikabakiza maji kwa ajili ya kanzu. Nilimwaga makaa, nikayakanyaga kwa kandambili, nikarudi ndani.

Nilipotoka tena ua ulikuwa unawaka. Nilijaribu kwa mkeka. Upepo ulichukua nyasi za paa langu na kuzitupa kwa jirani. Nilifungua mdomo ili niseme, naapa nilifungua, na wakati huo huo mtu akapiga kelele: "Ni bale ba panya! Njo banachoma pori!" Yaya, nilisikia nafuu. Hicho ndicho kitu kinachonitesa kuliko moto wenyewe. Nilisikia nafuu kama mtu aliyetuliwa gunia.

Halafu wakamleta yule mtu. Nilikuwa nimesimama na pasi mkononi, bado ya moto, na sikusema kitu. Nilisikia mkono wake ulivyovunjika.

Sikuja Lilongwe kwa sababu ya biashara. Nilikuja kwa sababu sikuweza kupita mbele ya zile nyumba. Kila nyasi uliyowahi kuniambia mnanunua kwa sababu kijiji kimewakataza kukata, nilijua ninawanyima mimi.

Ninakuomba kitu kimoja. Usilisome jina langu. Andika kwamba chanzo hakikujulikana. Nusu ya wateja wangu ni watu wa kambi. Wakijua, mimi nitapata mkono kama wa yule.

Kassim


Dzaleka, Jumanne 15 Julai 2025

Kassim,

Sikuamkii, maana nikikutakia amani nitakuwa naongopa.

Huyu ni Faustin, katibu wa kamati. Zena hataki kushika kalamu. Siku mbili hata mbuzi wa jirani aliyekula majani yake ya mhogo hakumfukuza. Siku ya tatu alikuja kwangu, akanipa barua yako, akasema, "Soma, Faustin, halafu unirudishie." Nilimuuliza kama wewe umeruhusu. Alisema kila karatasi inayohusu moto ni ya kamati. Unamjua dada yako.

Katika daftari la historia imeandikwa: "vijana wetu walimpiga mwindaji mmoja." Niliandika sentensi hiyo mimi mwenyewe. Vijana wetu ni mimi. Nilimpiga kwa mpini wa jembe, Kassim, nikiwa na watu wawili wamemshika. Siku ile nyumba yangu namba arobaini na moja ilikuwa jivu, na mke wangu ameungua mguu, na nilihitaji mtu wa kumpiga. Miaka tisa nimeimbisha kwaya nikijiambia kwamba angalau nilimpiga mwenye makosa. Umeniondolea hata hilo.

Nataka kukuchukia na ninaweza, lakini kazi ni nyingi. Kwa sababu ya barua yako nilizunguka bloku yote asubuhi na mapema kuangalia wanawake wanamwaga wapi makaa ya jana. Nyuma ya ua. Nyumba hamsini na moja, na arobaini na nne zinamwaga nyuma ya ua, kwenye takataka, chini ya nyasi za paa. Mwaka mzima tumekuwa tunatazama porini, na hatari tunailalia. Kamati imeamua jana: kila nyumba ichimbe shimo la makaa, urefu wa mkono, lenye mfuniko wa beseni bovu au bati. Asiyechimba hapati zamu ya bomba. Zena amelipitisha kwa kura moja, yake, na hakuna aliyebisha.

Jumamosi saa tatu tuko kwa nyakwawa. Mimi nitasimama na kusema mkono wa Bwana Lufeyo niliuvunja mimi. Jina lako sitalitaja. Nitasema kwamba yuko mtu aliyejua, na kwamba nafasi yake ni hii hapa karibu yangu. Ukija utaijaza. Usipokuja watu wataitazama ikiwa tupu, na dada yako atakuwa amekaa mbele yake.

Faustin


Mchesi, Jumanne 22 Julai 2025

Yaya Zena,

Nimerudi salama. Matola, ile pikapu ya abiria, ilituharibikia njiani, tukasukuma.

Nilikaa nawe siku nzima Jumamosi na hukunisalimu. Sikulaumu. Uliniwekea daftari mkononi na kunionyesha ukurasa kwa kidole, basi. Nilidhani utasoma wewe. Nilipoona umeacha mistari mitupu chini ya "mwaka 2016" nikajua kwamba ninatakiwa kuisema mwenyewe. Sijui nilisema nini. Ninakumbuka Faustin karibu yangu akitafsiri kila sentensi, na sauti yake ilipofika kwenye mpini wa jembe ikakatika, akaanza upya.

Nilisubiri kupigwa. Nilitaka hata nipigwe, iishe. Badala yake Bwana Lufeyo akauliza swali moja tu, kama siku ile kuna hata mtu mmoja aliyesikia alipowaeleza kuhusu duara. Nyakwawa akatutoza mimi na Faustin mbuzi, akaruhusu majembe, kwa sharti kwamba msimamizi wa kazi yote awe Lufeyo. Hayo uliyaona. Lile usiloliona ni la baadaye, wewe ulipokuwa unagombana na watu kuhusu nani atalima wapi.

Lufeyo alinifuata kwenye mti wa mkaratusi, akiwa na Faustin wa kutafsiri. Akauliza, "Wewe ni fundi nguo?" Nikasema ndiyo. Akasema ana koti la kanisani ambalo hajalivaa miaka tisa, kwa sababu mkono hauingii kwenye mkono wa koti. Jumapili analiweka mabegani kama mwanamke mwenye baridi, na watoto wanacheka. Akauliza kama koti linaweza kushonwa kwa kufuata mkono ulivyo.

Nilikuwa na futi yangu mfukoni. Fundi haachi futi. Nilimpima pale pale. Kutoka bega mpaka kiwiko, sentimita thelathini na nne. Ilibidi nimshike kiwiko kwa vidole vyangu ili nipime mpindo, na nilisikia mfupa ulivyounga vibaya. Nikalia, Yaya. Nililia mpaka futi ikaanguka. Yeye aliinama, akaiokota, akanirudishia, akasema "zikomo", asante, kama mteja yeyote. Hakunifariji. Ninamshukuru kwa hilo pia.

Koti ninalishona kuanzia mwanzo, kwa kitambaa kizito cha kijivu. Mkono wa kulia nimeukata mara tatu na mara tatu nimekosea. Nitaendelea kukata mpaka ukae.

Wateja wawili wa kambi wamekuja kuchukua nguo zao zikiwa hazijaisha. Wawili tu. Mmoja alileta nyingine.

Sijui kama utaniandikia. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa karatasi ndefu.

Kassim


Dzaleka, Jumanne 16 Septemba 2025

Ndugu yangu Kassim,

Assalaam aleikum. Nimekaa wiki nane bila kukujibu. Nilikuwa na hasira, na sasa hivi bado ninayo kidogo, kama kigoti hiki, inakuja nikiinuka. Ulinificha mimi. Wengine sawa, lakini mimi niliyekulea? Nilitukana mbuzi, nikamtukana Faustin, nikamtukana hata Mama Annuarite ambaye hana kosa. Nimemaliza matusi, karatasi ndefu huipati.

Sikiliza mambo ya hapa. Barabara tumelima. Lufeyo hakutaka hatua nane, alitaka kumi na mbili, na aliipindisha kufuata upepo badala ya kuinyoosha kama sisi tulivyopanga kwa kamba. Tulibishana. Faustin akawa anatafsiri matusi yangu kwa upole, nikamkataza, nikamwambia atafsiri yote. Lufeyo alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo tulimsikiliza. Wiki mbili baadaye Mama Akeza akapanda maboga katikati ya barabara, eti udongo mzuri unapotea bure. Niliyang'oa mwenyewe. Amenuna mpaka leo na ninamwacha anune. Kila asubuhi kila nyumba inafagia kipande chake cha barabara kama inavyofagia uwanja wake, na bibi Bukeyeneza anakagua na fimbo.

Jumatano iliyopita, baada ya adhuhuri, moto ulikuja. Safari hii kweli ulitoka porini, sijui kwa nani na sikuuliza nani. Upepo ulitukabili uso kwa uso. Nilipiga bati, watu wakatoka na matawi mabichi na ndoo zao, kila mtu mahali pake kama tulivyofanya mazoezi, hakuna aliyekimbilia kutoa godoro. Na wanakijiji wakatokea upande wa pili, wakiongozwa na Lufeyo, amevaa koti lako. Alikuwa anatoka kwenye mazishi. Alilivua, akalikunja vizuri, akaangalia watu wote, akanipa mimi nilishike. "Amayi," yaani mama, akaniambia, "lisiungue." Basi mwenyekiti wa kamati ya moto alisimama vita nzima amekumbatia koti. Moto ulifika kwenye udongo wetu uliofagiwa, ukatembea pembeni ukitafuta pa kupita, haukupata, ukafa. Cheche zilivuka na kuangukia mapaa mawili, tukazizima kwa matawi. Nyumba hamsini na moja zilikuwepo asubuhi, na jioni nilizihesabu tena, hamsini na moja.

Ukurasa wa 2016 nimeujaza. Nimeandika ulivyosema wewe, na alivyosema Faustin, na alivyosema Lufeyo kwa Kichewa chake, kama alivyotamka. Mkono wa koti unakaa vizuri. Nililitazama kwa karibu, nilikuwa na muda.

Sasa mashimo ya makaa. Kamati ilipokwenda kukagua nilihesabu hamsini na mawili. Nikahesabu tena. Faustin akaninong'oneza, "Usinitazame mi, Mama Zena, si mi nilichimba." Lipo kwenye kiwanja chako, namba thelathini na nne, ambapo kwa miaka tisa hakuna aliyejenga. Limechimbwa vizuri kuliko yote, lina mfuniko wa bati na jiwe juu, na pembeni limezungushiwa duara la udongo mtupu. Nilimuuliza Lufeyo nyumba iko wapi, maana pale pana shimo tu. Akasema shimo linatangulia, nyumba inafuata.

Kukata nyasi za paa porini sasa unaruhusiwa. Njoo kabla ya mvua.

Dada yako,
Zena